Kaa Waliofikishwa Mbele ya Wazee

Juzi nilikuwa stendi ya Same, nimeketi kwenye benchi nasubiri gari la kupanda kwetu, maana miguu yangu ya siku hizi haitaki tena kusimama kwa heshima. Akaja mama mmoja kijana na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaiweka karibu na mguu wangu. Maji yakawa yanavuja taratibu. Harufu ilipopanda nikainama bila kujijua, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Shikamoo bibi. Samahani, inakulowesha?"

"Marahaba. Iache tu, mwanangu. Samaki wa wapi hao?"

"Wa Tanga, wamefika asubuhi hii. Nikuchagulie wawili?"

"Samaki sitaki. Niachie harufu tu."

Akamgeukia mwenzake akacheka, "Sikia, huyu bibi ananunua harufu." Nami nikacheka. Lakini gari lilipokuja nilikuwa sipo pale tena. Nilikuwa na miaka minane, au tisa, cheti cha kuzaliwa sina hata leo.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu milimani mnajua kwamba sisi bahari tuliisikia kanisani tu, ile iliyogawanyika watu wakapita pakavu. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikirudia jambo mara mbili mnivumilie. Mwalimu wetu alikuwa akichora bahari ubaoni kwa mistari mitatu ya mawimbi, akishafuta anasema basi, bahari imekwisha, toeni daftari za hesabu.

Baba yangu alikuwa akifanya kazi Tanga, bandarini, kupakia katani. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haji. Mwaka huo alikuja kumzika baba yake mdogo, na siku ya kuondoka akaniambia, "Nakundwa, chukua nguo zako, twende ukakae na mimi likizo." Nguo zangu! Ilikuwa moja, nami nilikuwa nimeivaa. Mama alinikata kucha, akanipaka mafuta mpaka ndani ya masikio, akasimama pale kwenye kona ya migomba mpaka tulipopotea.

Nikisema habari ya treni hatutamaliza leo, kwa hiyo naiacha. Nitasema tu habari ya bahari. Mnajua ndiva zetu, yale mabwawa ambayo maji ya mfereji yanajazwa, halafu watu wanafungulia kwa zamu kumwagilia mashamba. Mimi nilipoiona bahari nikajua ni ndiva, ila kubwa, na aliyekuwa na zamu amesahau kufungulia. Nikamuuliza baba, "Leo zamu ya nani?" Baba akacheka akakaa chini kwenye mchanga. Na kesho yake asubuhi nikakuta maji yametoka, yameenda mbali kabisa, mchanga umebaki mtupu. Nikawaza, haya, kumbe wamefungulia. Nikayaonea wivu mashamba ya huko yaliyopata maji yote yale.

Baba alikaa katika nyumba ya makuti ya mama mmoja wa pwani aliyeitwa Bi Mwanaidi. "Huyu ndiye mama mwenye nyumba," baba aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nimepanga chumba." Nami nikaona sawa. Nikaona pia kwamba huyo mama mwenye nyumba ana moyo mzuri kupita wenye nyumba wote, maana alimpikia baba, akamfulia mashati, na jioni alikaa naye barazani akimtoa miiba ya katani vidoleni kwa sindano. Alikuwa na kitoto kinachojifunza kutembea. Kile kitoto kilimwita baba yangu "baba", nami nikawa nakikosoa, "Sema mjomba!" Bi Mwanaidi alikuwa akiniangalia, halafu anaangalia sufuria.

Asubuhi moja bahari ilikuwa imetoka. Bi Mwanaidi akajifunga kanga, akachukua kikapu, akaniambia, "Mgeni, twende." Kila siku aliniita mgeni, lakini kwa sauti ile ya kumwita mtoto wa nyumbani aje ale. Tukatembea mpaka kwenye mawe, penye majani makavu ya bahari yaliyorundikana. Akayafunua kwa mguu. Maganda ya konokono yakaanza kukimbia.

Nilipiga kelele. Konokono nawajua, walikuwa wanakula mboga za bibi yangu. Lakini konokono gani ana miguu, tena anakimbia upande? Bi Mwanaidi akaniambia hao ni kaa. Wanazaliwa bila nyumba, mgongo mtupu, laini kama kidole cha mtoto, basi wanatafuta ganda lililoachwa na konokono wa baharini wanaingia humo. Jina lao la kitabuni silijui mpaka leo.

"Unawataka?"

"Nawataka."

"Kwenu kuna bahari?"

"Kuna ndiva."

"Ndiva ndiyo nini?"

Nikamweleza, hakunielewa, nikamweleza tena. Akasema, "Haya, tuseme ni bahari. Ila kaa huyu hachukuliwi hovyo, mgeni. Anachaguliwa."

Akanifundisha. Usichukue mkubwa, mkubwa keshaizoea pwani yake. Unamchukua wa wastani, unamweka kiganjani, mlango wa ganda unakuelekea wewe. Yeye atakuwa amejificha, ameziba kwa gando lake. Sasa unampumulia. Mimi nikapuliza kwa nguvu.

"Hee! Unapoza uji? Mpumulie kama mtu anayetaka kufuta kioo. Haaa. Joto la tumboni. Akitoka kabla hujahesabu mpaka kumi, huyo ana moyo wa safari. Asipotoka, mrudishe ulipomtoa, umwombe radhi."

"Nimwombe radhi kaa?"

"Umemsumbua au hukumsumbua?"

"Nimemsumbua."

"Basi."

Asubuhi ile niliwaomba radhi kaa kama kumi na wawili. Hesabu yangu mwenyewe ilikuwa ya mashaka, nikifika saba narudi tano ili nimpe kaa nafasi, maana kuna wengine niliwapenda sana na hawakutaka kutoka. Nikampata wangu, mwenye gando la rangi ya zambarau lililoiva. Alitoka kwenye nne, akaniangalia kwa macho yake ya vijiti. Nikampata wa mdogo wangu Zefania, kadogo, ganda lake limetoboka juu.

"Bado wa mama," nikasema.

"Wa mama yako nitamchagua mimi."

Akachuchumaa. Nawaambia alichuchumaa pale mpaka jua likatuchoma shingo na maji yakaanza kurudi. Anamchukua mmoja, anampumulia, anatoka vizuri kabisa, lakini anamrudisha. Anachukua mwingine, anamgeuza, anapitisha kidole kwenye ganda, anamrudisha. Nikamwambia huyo mzuri, akasema, "Ana ufa." Mwishowe akanipa mmoja mwenye ganda jeupe la mistari ya kahawia, limesuguliwa na mchanga mpaka linang'aa kama kikombe cha wageni.

"Mwambie mama yako..." akaanza.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie asimweke penye moshi."

Nilirudi likizo ilipoisha, pamoja na fundi cherehani mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa anakwenda kwao. Kaa walikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari, na mchanga unyevu, na juu yake kipande cha nazi cha kula njiani. Chumvi ya mawe ya kuwakorogea maji ilifungwa kwenye kitambaa nikapewa nishike mwenyewe. Ndani ya behewa wakaanza kukwaruza. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akauliza, "Mtoto, kopo lako linaongea?" Fundi akamjibu, "Ni cherehani ndogo, mama, inajishona yenyewe." Yule mama akahamisha kikapu chake hata hivyo. Kuanzia Korogwe mpaka Same nililishika kopo lile mapajani, na tuliposhuka miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Fundi akanibeba mimi, mimi nikabeba kopo.

Nilifika nyumbani mama anapika makande, bibi anachambua maharage kwenye ungo. Bibi huyo ni mama yake baba. Mdogo wangu alimwona kaa wake akakimbilia nje, akarudi, akakimbilia nje tena. Bibi akasema wadudu wa maji hawaingizwi jikoni. Lakini mama alikaa chini, akafuta mkono kwenye nguo, akanyoosha kiganja.

Nikamfundisha. Haaa, joto la tumboni. Mama akapumua. Kaa wake akatoka hapo hapo, akapanda kidole chake gumba, na mama akacheka. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka, niseme kweli. Alikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Siku ile alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Umenichagulia vizuri," akasema.

"Huyo sikumchagua mimi. Amekuchagulia mama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani?"

"Wa baba. Anampikia baba, mashati anamfulia, miiba anamtoa. Ana kitoto, hakina adabu kabisa, kinamwita baba, baba."

Ungo wa bibi ukasimama.

"Kinatembea?" mama akauliza.

"Kinatembea, kinaanguka."

"Kina meno?"

"Ya mbele yote."

Mama akamrudisha kaa wake ndani ya kopo, polepole, kama anavyorudisha yai chini ya kuku. Halafu akageuka kukoroga makande. Na makande hayakorogwi vile, mnajua wenyewe. Nikaona mgongo wake, nikajua jambo moja tu: mama amewachukia kaa wangu. Nikalichukua kopo nikalipeleka chumbani kwetu, nikalificha chini ya kitanda.

Niliwatengenezea sanduku la mbao lenye mchanga wa kijito. Chumvi ya Bi Mwanaidi ilipokwisha sikuthubutu kuomba chumvi ya mama, kwa hiyo nikatafuta kitu kingine. Kulikuwa na magadi kwenye kibuyu, yale ya kulainishia makande. Ni meupe, ukilamba yana chumvichumvi. Nikawakorogea kwenye kifuniko cha kopo. Nani angeniambia? Asubuhi kaa wa Zefania alikuwa ametoka nje ya ganda, amelala mzima mzima, mdogo kuliko nilivyodhani. Tukamzika chini ya mgomba. Zefania alitaka tuimbe wimbo wa kanisani, mimi nikasema kaa ni wa pwani, labda hajui nyimbo zetu, tukabishana pale kaburini mpaka mvua ikatukimbiza.

Toka siku ile, kila asubuhi nilikuta kifuniko cha kopo kina maji mapya ya chumvi. Nilidhani ni bibi. Bibi ndiye aliyeniambia baadaye sana, mimi nikiwa na watoto wangu, kwamba alikuwa mama. Alikuwa anapunguza chumvi kwenye mboga yake mwenyewe, na wala hakuwa na raha na wale wadudu, na machozi yalikuwa yakimtoka akiwakorogea.

Basi akaja mjomba, kaka yake mama. Alivaa koti siku ya kazi, na kwetu mtu akivaa koti siku ya kazi ujue kuna kesi. Watani wetu Wachaga wanasema Mpare atauza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku. Ni uongo. Kwanza ataazima ng'ombe. Barua ikaandikwa, baba akaja, na siku ikapangwa wazee wa ukoo wakutane uani kwetu.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, la sivyo mtaniona mtoto mbaya. Kabla ya hapo mbuzi wa jirani alikuwa ameingia shamba la maharage la mzee mmoja. Mbuzi yule nilimpenda, alikuwa na kidevu cheupe na alikuwa anakula maganda ya ndizi mkononi kwangu. Wakamleta mbele ya wazee, akafungwa kwenye mti katikati yao, wakaongea mchana kutwa, huyu anasema wangu, huyu anasema kaingia kwangu. Jioni wakamchinja wakamla. Ilikuwa faini, lakini habari za faini nani anamweleza mtoto? Mimi nilichoelewa ni kwamba mnyama akifikishwa mbele ya wazee, na watu wawili wakimtaja, mwisho wake ni sufuria.

Sasa nifikirieni mimi, nimesimama nyuma ya mama, namwona mjomba anatoka chumbani kwetu na kopo langu, kaa amewarudisha humo, analiweka juu ya kigoda katikati ya wazee.

"Wazee wangu," mjomba akasema, "shemeji yangu ameoa Tanga, ana mtoto huko, na ukoo wake haujui wala wetu haujui. Dada yangu ameachwa hapa kama jembe la akiba. Ushahidi wangu huu hapa, zawadi ya mwanamke huyo kwa dada yangu."

Mzee Yonazi, aliyekuwa mkubwa wao, akachungulia. "Ushahidi una miguu?"

"Una miguu, mzee."

Wazee wakacheka. Kaa wa mama akachagua wakati ule ule kupanda ukingo wa kopo, akaanguka kigodani, akaondoka zake kuelekea miguu ya Mzee Yonazi. Mzee akapandisha miguu yote miwili kitini, na fimbo juu. "Mwondoeni! Mwondoeni shahidi huyo!" Mjomba akamrudisha. Mmoja wa wazee akamnong'oneza mwenzake, nami masikio yangu mnajua yalivyopakwa mafuta, "Eti pwani kaa wanaliwa?" Mwenzake akajibu, "Wanaliwa, tena kwa nazi."

Nikaishika nguo ya mama kwa nyuma.

Baba akasimama. Alisema kwa utaratibu, alikuwa msemaji mzuri, "Mimi ni mpangaji. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja. Wadudu hao mtoto kaokota pwani kama watoto wanavyookota. Yupo hapo, muulizeni."

Wakaniita mbele. Mzee Yonazi akashusha sauti, "Mjukuu wangu, hawa nani alikuchagulia?"

Nikafanya hesabu yangu ya mbuzi. Kitu cha watu wawili kina kesi. Cha mtu mmoja hakina kesi, na kisicho na kesi hakipikwi.

"Nilichagua mwenyewe."

"Wote?"

"Wote. Ni wangu peke yangu."

"Kule kwa baba yako kuna mama?"

"Hakuna mama."

"Nani anampikia?"

"Anapika mwenyewe."

Mjomba alinitazama kama nimemtemea mate. Akageuka akamwambia mama, kwa sauti kubwa wote wasikie, "Basi sisi ndio waongo. Funga mizigo yako. Leo unalala kwetu." Na ninyi mnajua maana yake. Mama angeondoka, mimi na Zefania tungebaki, maana watoto ni wa ukoo wa baba. Migomba aliyoipanda, kahawa, jiko lake, vyote angeviacha, akatoka pale na jina la mwanamke aliyemsingizia mumewe. Mimi sikujua hata kimoja katika hivyo. Nilikuwa naangalia kopo.

Mama hakwenda kufunga mizigo. Alinijia, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega.

"Nakundwa. Unaogopa nini?"

"Wataliwa."

"Nani?"

Nikamwonyesha kopo kwa kidevu. "Kama mbuzi."

Mama akafumba macho. Nilidhani atanichapa. Akaenda kigodani, akamtoa kaa wake, akasimama naye kiganjani katikati ya wanaume wale wote. "Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba."

"Mtoto wangu ana hofu kwamba mtamla huyu, kama mlivyomla mbuzi wa maharage. Naomba kila mmoja amwambie. Akishasikia, mumuulize tena. Akisema vile vile, nafunga mizigo yangu."

Kuna mzee mmoja alianza kucheka, akaona uso wa mama, kicheko kikamfia. Mzee Yonazi akavua kofia. "Mjukuu wangu, mimi hata kumshika simshiki, nitamlaje? Simli."

Akafuata wa pili. "Simli."

Wa tatu akasema, "Wala kwa nazi. Simli."

Wakapita wote, mmoja mmoja, kwa sauti ile ile wanayotumia kuapa, na mjomba naye akasema. Halafu mama akamgeukia baba. "Na wewe, baba Nakundwa."

Nimeyafikiri haya maisha yangu yote. Baba hakuwa mjinga. Alijua nikishaambiwa na yeye, mdomo wangu utafunguka, na ukifunguka yeye amekwisha. Angeweza kukasirika, akasema huu ni mchezo gani wa kumchezea mbele ya ukoo, na wengi wangemuunga mkono. Alimwangalia kaa yule aliyechaguliwa na Bi Mwanaidi, akiwa kwenye mkono wa mama. Kisha akaniangalia mimi.

"Simli, mwanangu," akasema. "Wewe sema."

Nikasema. Nilisema nyumba ya makuti na miiba ya katani na kitoto na meno yake. Nilisema Bi Mwanaidi alivyochuchumaa kwenye jua kumchagulia mama. Hapo hata mjomba aliangalia chini. Baba alikaa, mikono katikati ya magoti, na hakubisha neno hata moja.

Wazee wakaamua kwamba nyumba na shamba ni vya mama na watoto wake, hakuna wa kumwondoa, si mume wala ndugu wa mume. Baba aende anakoona moyo wake unatulia, na akitaka kurudi aje na ukweli mkononi. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "Imekuwa vyema", na alisema huku analia.

Asubuhi yake baba akafunga mzigo. Mama akamletea kopo, amewafunika kaa wawili waliobaki kwa majani mabichi. "Warudishe. Huku baridi itawaua." Nikataka kukataa, lakini hata wangu alikuwa amepoa, ukimpumulia unahesabu mpaka ishirini hajatoka. Nikamsindikiza baba mpaka njia inapoanza kushuka.

"Baba, ni mimi nimekufukuza?"

Akaweka mzigo chini kabisa kabla ya kunijibu. "Hapana. Miguu hii ni yangu, Nakundwa. Hakuna mtu aliyeisukuma." Akanishika kichwa, akaubeba mzigo wake, akashuka. Kama kaa walifika baharini sijui. Baba alikuja baadaye, miaka mingine, mgeni wa siku mbili tatu, sikuwahi kumuuliza. Nadhani niliogopa anaweza kunijibu tu ili nifurahi.

Nilirudi polepole, nikitegemea kukuta nyumba imekasirika. Mama alikuwa kwenye tuta na mundu, anamkatia ng'ombe majani. Hakuniita, nami nikaanza kukusanya alichokata. Tukafanya kazi kwa muda mrefu. Jasho likatutoka. Akasema bila kugeuka:

"Huyo Mwanaidi. Mrefu?"

"Mfupi. Kama wewe."

Akakata majani.

"Anacheka?"

Nilifikiri kwanza kama nidanganye. Nikaona hapana, kudanganya nimeshachoka. "Anacheka sana, mama. Kila kitu anacheka."

Mundu ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukakata, ukapanda tena.

"Ni vizuri," mama akasema. "Baba yako hawezi kukaa kwenye kimya. Anaugua."

Akafunga majani mafungu mawili kwa kamba ya mgomba, kubwa lake, dogo langu. Akanitwisha. Akanitazama shingo ilivyosimama, akaushusha mzigo tena, akachomoa majani yanayojaa mikono miwili akayaongeza kwenye lake, akanitwisha upya. Tukaenda nyumbani, yeye mbele.